Mlinzi wa Lambo Lililoshiba

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai wala kumsalimia mtu, Yohanes Bura alishuka lamboni, akakunja mkono wa shati, akapiga goti kwenye tope na kuzamisha mkono wa kulia majini mpaka kiwiko. Kisha alitazama. Akikiona kiganja chake kule chini, alisikitika. Asipokiona, alirudi nyumbani akipiga mluzi. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na moja, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza anatafuta nini. Watu walidhani anapima baridi.

Alikuwa mlinzi wa lambo la kitongoji kimoja kule Gehandu, nyumba arobaini na moja zilizotawanyika juu ya mteremko, na lambo likakaa chini yao likipokea kila kinachotiririka. Usimfikirie mlinzi mwenye sare na rungu. Yohanes alikuwa na filimbi, kofia iliyoachwa na mwanawe, na barua ya uteuzi yenye mhuri, iliyoliwa na mchwa upande mmoja. Kazi yake ilikuwa kuzuia mbuzi wasipande ukingo, ng'ombe wasiingie majini mpaka tumboni, na watoto wasiogelee. Mshahara wake ulikuwa heshima, nao ulicheleweshwa. Mke wake alishafariki, watoto wako Arusha na Dodoma na hupiga simu Krismasi. Kwa hiyo lambo ndilo lililobaki kuwa familia yake, na kama wafanyavyo wazazi wengi, alilipenda mpaka akaliharibu.

Miaka hiyo kumi na moja nyuma alipelekwa Babati kwenye semina ya ufugaji wa samaki, siku tatu, kwa sababu barua ilimtaka mtu anayehusika na maji na hakukuwa na mwingine aliyekubali kupanda basi. Siku ya kwanza walifundishwa kuchimba bwawa la hatua kumi kwa kumi na tano. Siku ya pili walifundishwa kulirutubisha: weka samadi kwenye kona moja, subiri maji yawe kijani, zamisha mkono mpaka kiwiko, usipokiona kiganja, chakula cha samaki kimeiva. Siku ya tatu, ambayo ndiyo ilikuwa ya kufundisha hatari ya kuzidisha, Yohanes hakuwapo. Alipigiwa simu kwamba ng'ombe wake anashindwa kuzaa, akarudi nyumbani na mfuko wa plastiki wenye vifaranga sitini vya perege na theluthi mbili za elimu.

Akawamwaga lamboni. Lambo lilikuwa na urefu wa hatua mia mbili, si kumi na tano, kwa hiyo alipiga hesabu yake kichwani akaona madebe mawili ya samadi kila Jumamosi, pale kona yenye mti wa mgunga, yatatosha kwa kuanzia. Hakumwambia mtu. Kamati ilikuwa imepiga marufuku kutupa kitu chochote lamboni, na msimamizi wa marufuku hiyo alikuwa yeye mwenyewe. Wala samaki hakuwala. Alikulia kwenye nyumba ambayo samaki aliitwa nyoka wa majini, na hata leo ukimwekea sahani ya perege atakuomba maharage. Alipenda tu kuwaona wakipanda juu kumpokea Jumamosi, vinywa vikifunguka na kufumba, na yeye akiwaeleza habari za wiki.

Mwishoni mwa kiangazi kilichopita maji yaligeuka kijani kizito kama mlenda uliolala. Yohanes alizamisha mkono akashindwa kuuona hata mkunjo wa shati, akarudi nyumbani akipiga mluzi wa wimbo mzima. Wiki moja baadaye alishuka akakuta perege wote juu ya maji, matumbo angani. Alikaa ukingoni na kofia mkononi mpaka jua likapanda. Siku ya tatu yake akafa ng'ombe wa maziwa wa mama Hilaria, aliyekunywa upande ule utando ulikosukumwa na upepo. Alikuwa ng'ombe wake wa pekee, na Hilaria ni mjane.

Akaletwa mtaalamu wa maji kutoka Katesh, dada mdogo aitwaye Brightness, mwenye buti za mpira na sanduku la chupa. Alizunguka lambo lote, akachota, akanusa, akaandika, kisha akasimama mbele ya mkutano wa kitongoji.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba."

"Mmea ukipata mbolea unakua, hilo mnalijua kuliko mimi. Sasa mbolea ya mashambani mvua inaishusha hapa. Samadi ya mazizi inashuka hapa. Sabuni ya kufulia inashuka hapa. Humu majini kuna mimea midogo sana, huioni kwa macho mpaka iwe mingi. Inakula vyote hivyo, inazaana, ndiyo hii rangi. Ikifa inaoza, na ikioza inamaliza hewa ya majini, samaki wanakosa pumzi. Na mingine ina sumu. Ndiyo imemuua ng'ombe wa mama."

Mwenyekiti wa kitongoji, Joseph, alikuwa mtu wa utaratibu. "Kwa hiyo lambo linaumwa nini hasa?"

"Limeshiba, mwenyekiti. Limeshiba kupita kiasi."

Watu walitazamana. Walikuwa wamesikia malambo yaliyokauka, yaliyobomoka, yaliyojaa tope baada ya mvua zile zilizoleta maporomoko ya mlima kule Jorodom. Lambo lililovimbiwa hawakuwa wamelisikia.

"Nani amelishibisha?"

"Wote mnaokaa juu yake."

"Wote siwezi kuandika," alisema Joseph, akiinua daftari la muhtasari. "Hapa pameandikwa 'Mhusika', na nafasi ni ya jina moja. Naomba jina."

Brightness alisema jina hana. Alishauri mazizi yasogezwe mbali, mashamba yaache ukanda wa nyasi kabla ya maji, ng'ombe wanyweshwe kwenye birika. Akaondoka na chupa zake. Ushauri ule ulipigiwa makofi na kusahauliwa kabla pikipiki yake haijafika barabarani, maana watu walikuwa wamebaki na kiu ya lile jina.

Yohanes alikuwa amekaa nyuma kabisa. Jina alikuwa nalo.

Hapo ndipo aliposimama bibi Efrazia, mkongwe kuliko wote pale, anayekumbuka mambo ambayo wengine wanajifanya kuyakumbuka. "Mnahangaika na faini," alisema. "Faini mmeweka mara ngapi? Nani amelipa? Zamani kitu kikichafuka, hatukukipiga faini. Tulikitenga. Meeta."

Vijana waliuliza meeta ni nini, na wazee wakaeleza kila mmoja kwa namna yake. Kwa ufupi, nyumba iliyopatwa na jambo zito ilikaa peke yake mpaka uchafu ule uishe. Hamwingii kwa watu, watu hawaingii kwenu. Ng'ombe wenu hawanywi pamoja na wa wengine. Hampewi moto, hamtoi moto.

Yohanes hakuhitaji kuelezwa. Alipokuwa na miaka sita mdogo wake alifia titini, na nyumba yao ikaingia meeta. Mwaka ule mvua ilivuja jikoni ikazima moto. Mama yake alichukua kigae cha chungu akaenda kusimama mpakani, akamwita jirani aliyekuwa shoga yake wa tangu usichana. Jirani alitoka, akamwona, akarudi ndani akafunga mlango. Hakufunga kwa ubaya, sheria ilikuwa sheria. Siku tatu walikula unga uliokorogwa kwa maji baridi, na mama yake hakulia, alikaa tu ameshika kile kigae kitupu. Yohanes amezeeka sasa, ana viberiti ndani, lakini hajawahi kulala bila kufunika makaa kwa majivu. Kutengwa alikuogopa kuliko kifo, kwa sababu kifo hakuwahi kukiona kikikaa mwaka mzima.

Basi alinyamaza. Na mkutano ukamtenga Hilaria.

Mantiki yake ilikuwa safi. Shamba lake la vitunguu linapakana na lambo, na anatia mbolea ya dukani. Kwamba ni yeye aliyefiwa na ng'ombe haikumsaidia. Joseph alisema kuathirika ni ajenda nyingine. Hilaria alisikiliza mpaka mwisho, akakung'uta kanga yake.

"Sawa," alisema. "Natia mbolea. Na Michael anayeoshea pikipiki pale kila siku na sabuni ya unga, yeye anatia baraka?"

Michael wa bodaboda akatengwa kabla hajamaliza kucheka. Naye hakutaka kwenda peke yake, akamtaja Hermani mwenye duka, ambaye zizi lake la ng'ombe thelathini limening'inia juu ya lambo kama mtu anayetaka kujisaidia. Hermani akaitaja kwaya, iliyofulia majoho yake pale Pasaka. Kwaya ilikuwa ya watu ishirini na wawili kutoka nyumba kumi na sita. Nyani haoni kundule, lakini siku ile kila nyani alipata mwenzake wa kumwonyesha. Ilipofika jioni zilikuwa nyumba ishirini na tatu, na Joseph alikuwa ameongeza karatasi kwenye nafasi ya "Mhusika" kwa gundi ya ugali.

Wiki zilizofuata zilikuwa za ajabu. Hakuna aliyekumbuka sheria za meeta kikamilifu, kwa hiyo zilitungwa kila zilipohitajika. Je, Michael aliyetengwa anaweza kumpakia abiria? Anaweza, ila abiria akae akitazama nyuma na asimwambie anakwenda wapi. Je, kupiga simu ni kusalimiana? Ni kusalimiana, ila kubipu si kusalimiana. Watengwa walitolewa kwenye kundi la WhatsApp la kitongoji mmoja mmoja, na Michael, aliyekuwa ndiye msimamizi wa kundi, alipewa saa moja ya ruhusa ajitoe mwenyewe kwa heshima. Kanisani watu waliopaswa kutakiana amani walitakiana kwa nyusi.

Na duka la Hermani lilifungwa, kwa sababu muuzaji mtengwa angeuza utengwa pamoja na sukari. Viberiti vikaadimika. Mtu mmoja alipendekeza watu wafuate viberiti Katesh, Efrazia akamkatisha, akiwa amesahau kwamba wazee walishasema mtengwa hapewi moto kabisa. "Moto wa kiberiti hauna jirani," alisema. "Nyumba ya meeta moto wake ukizimika, unapelekwa na mtu safi, kutoka nyumba safi. Au unakaa bila."

Majina yaliendelea kutajwa. Joseph mwenyewe alitengwa wiki ya tatu, choo chake kilipogundulika kinaelekea kulekule. Aliandika jina lake kwa mwandiko mzuri kuliko mengine yote. Wiki ya nne zilibaki nyumba mbili. Halafu mtu akakumbuka kwamba bata kumi na wanne wanaolala juu ya lambo usiku na mchana ni wa bibi Efrazia. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Bibi alisikiliza kesi yake akiwa amesimama, akauliza kama bata nao ni watu, akajibiwa kwamba wanakula na wanachafua, hivyo wanahusika. Akaingia kwake akafunga mlango wa utengwa aliouleta yeye.

Ikabaki nyumba moja safi katika arobaini na moja, nayo ilikuwa ya Yohanes Bura.

Hebu mfikirie. Mtu aliyezoea kupuliza filimbi asisikilizwe, sasa watu wanamngojea milangoni. Kila alfajiri alijaza makaa kwenye kopo la maziwa lililotobolewa, akalitundika kwenye fimbo na kuanza safari: kwa Joseph moto, kwa Michael moto na chumvi, kwa mwimbaji mmoja wa kwaya moto na ujumbe kwa mwimbaji mwenzake kwamba ile noti ya tatu amekuwa akiikosea siku zote. Suruali yake ilipata matundu manane. Alibeba chumvi, mbegu, salamu, sindano, na posa moja pamoja na majibu yake, ambayo yalikuwa hapana. Watu wazima walimwamkia shikamoo wakiwa hatua kumi. Wakamwita Mzee Msafi. "Angalia Mzee Msafi," walisema, "miaka yote kando ya maji na hajachafua hata tone."

Kwa siku chache alifurahi. Nani asingefurahi? Kisha ikaja zamu ya nyumba ya Hilaria, ambayo alikuwa akiiruka kwa visingizio. Alimkuta amekaa kwenye kigoda, kamba ya ng'ombe ikiwa bado imefungwa kwenye nguzo bila ng'ombe.

"Mungu akuweke, shemeji," alisema Hilaria akipokea makaa. Alimwita shemeji kwa sababu marehemu mume wake alitoka ukoo mmoja na Yohanes. "Usingekuwepo wewe tungekula unga mbichi."

Yohanes alifungua kinywa. Alichosema ni kwamba kuna dalili ya mvua. Akaondoka haraka, na njia nzima aliona aibu, aibu kavu inayokwaruza, kwa sababu mama yake angelipewa moto mwaka ule, angelisema maneno yaleyale.

Jumamosi alipeleka madebe mawili kwenye kona ya mgunga kama kawaida. Usiulize kwa nini. Perege walikuwa wamekufa, lakini alijisemea huenda wamebaki watoto wao chini, nao hawana kosa.

Wiki ya saba Brightness alirudi kupima. Kwa kuwa kitongoji kizima kilikuwa ndani, aliyempokea ni Yohanes. Alimweleza sababu za ule ukimya, na dada wa watu alisimama muda mrefu na buti moja majini.

"Mmewatenga watu wote?"

"Wote wanaohusika."

"Na mimi nilisema wanahusika wote."

"Ndiyo. Tumekusikiliza, ila tumefika polepole."

Alitoa kisahani chake cheupe kilichofungwa kamba. Alikishusha majini taratibu mpaka kikapotea machoni, akapima kamba. Mara ya kwanza alipokuja kilikuwa kinapotea baada ya shibiri moja. Sasa karibu kila mahali kilizama shibiri mbili na zaidi bado kinaonekana. Hakukuwa na ng'ombe majini, hakuna aliyefua, pikipiki zilikaa chafu kwa sababu ya sheria, na mvua haikuwa imenyesha kushusha mbolea. Brightness alitabasamu. Alisema nafuu ni kidogo na ukijani utarudi mvua zikija, lakini ni nafuu ya kweli. Halafu akafika kona ya mgunga. Kisahani kilipotea kabla kamba haijalowa.

Akarudia. Kikapotea tena. Yohanes, ambaye miaka kumi na moja hakuwa amepata mtu wa kujadiliana naye ufundi, akajisahau.

"Hapo pameiva," alisema. "Kwa kipimo cha mkono hapo pameiva kabisa."

"Pameiva nini, babu?"

Hakuna kurudi nyuma baada ya neno kama hilo. Alimwambia yote: semina, mfuko wa plastiki, ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, madebe mawili kila Jumamosi. Brightness alitoa kalamu akafanya hesabu kwenye kiganja chake, na Yohanes alisubiri kama anayesubiri hukumu ya kifo.

"Babu, ni kidogo," alisema mwishowe. "Zizi la ng'ombe thelathini pale juu, kwa mvua moja kubwa, linashusha zaidi ya unayotia wewe kwa mwaka. Hiyo kona umeiharibu, ndiyo. Lambo lote, hapana. Wewe ni mmoja wao tu."

Yohanes alihisi mzigo ukitua, na papo hapo akajisikia kutukanwa. Miaka kumi na moja ya dhambi, na kumbe haitoshi hata kuitwa dhambi.

"Utaandika jina langu?"

"Ripoti yangu haina mahali pa majina. Ila hayo madebe uache."

"Nimeacha."

Brightness akaondoka, na siri ikabaki ya mtu mmoja tena. Yohanes angeweza kuizika. Alikaa pale mpaka bata wa Efrazia walipompita mara mbili, akiwaza ile kamba iliyofungwa kwenye nguzo. Kisha akapuliza filimbi, ile ya hatari, mara tatu.

Watu walitoka wakasimama kila nyumba kivyake, hatua kumi baina yao, mteremko mzima umejaa watu waliotawanyika kama mahindi yaliyoruka mistari. Ilibidi apige kelele ili asikike, na si jambo rahisi kukiri kosa kwa kupiga kelele. Alisema kuhusu samaki. Akasema kuhusu samadi. Alipofika kwa Hilaria sauti ilimkatika, akalazimika kuanza upya, kwa sababu wa juu walikuwa wanauliza, "Amesema nini? Amesema nini?"

"Nimesema mama Hilaria mlimtenga wa kwanza nami nipo nimekaa. Nilijua. Nikanyamaza. Niliogopa."

Joseph alipekua daftari. Alikuwa na uso wa mtu aliyepata jina moja la kujaza nafasi ile, wiki saba baada ya nafasi yenyewe kwisha.

"Mzee Msafi ametengwa," alitangaza. Kisha akakuna kichwa. "Sasa nani atampelekea moto?"

"Na sisi nani atatuletea?" aliuliza Hermani.

"Na nani atatangaza meeta imekwisha?" aliuliza Michael. "Si lazima atangaze mtu safi?"

Wote waligeuka kumtazama bibi Efrazia. Bibi alisema hilo halikuwahi kutokea, kwa sababu zamani watu walikuwa na akili ya kuacha angalau mtu mmoja nje. Mkutano ukaahirishwa kwa kukosa mtu anayeruhusiwa kuufunga. Watu walirudi ndani, na Yohanes akapanda kwake bila kuaga mtu, kwa sababu sasa hakuruhusiwa.

Usiku ule mvua ilinyesha, ya kwanza ya msimu. Asubuhi alichochea majivu akakuta makaa yake bado hai, mekundu chini ya kijivu. Akawasha. Akakaa karibu na moto peke yake, akasikiliza kitongoji. Hakuna mlango uliofunguka. Alijua nyumba nyingi zimezimika, na alijua hawezi kwenda. Hofu ileile ya umri wa miaka sita ikamrudia, na sasa hakuwa na mama wa kumtazama.

Jua lilipokuwa limepanda kidogo akasikia kikohozi mpakani. Alitoka. Hilaria alikuwa amesimama pale, miguu imeloa tope, mkononi ana kigae cha chungu.

"Hodi, shemeji. Naomba moto."

Yohanes alishika mwimo wa mlango. "Mimi nimetengwa, mama."

"Na mimi. Sasa kati yetu nani atamchafua nani?"

"Ng'ombe wako..."

"Ng'ombe wangu amekufa, nitamlilia mpaka nichoke, na wewe utanisaidia kusogeza uzio wa vitunguu ili nyasi ziote pale chini. Jembe ninalo. Nimekuja kuomba moto."

Alipoinama kuweka kigae sawasawa, Yohanes aliona pindo la kanga yake limefungwa fundo, na kutoka kwenye fundo hilo umechungulia ukingo wa kiberiti, kikavu, kipya, hata hakijafunguliwa. Hilaria aliona kwamba ameona. Hakulifunika lile fundo.

Yohanes aliingia ndani. Alikaa huko muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kuokota makaa matatu, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Akasema ni moshi. Aliyaweka makaa kwenye kigae moja baada ya jingine, akapuliza, yakawaka.

Juu ya mteremko mlango wa Joseph ulifunguka, kisha wa Hermani, kisha wa Efrazia. Mmoja mmoja walianza kushuka kuelekea kwa Yohanes, kila mtu na kigae chake.